Siku Isiyokuwa na Lori

Kijana aliyetengeneza mfumo wa maghala alifika Sumbawanga kwa basi la kutoka Mbeya, na tangu ashuke hakuwa amekunywa hata maji. Jina lake Ipyana. Aliketi mbele ya kompyuta ya karani, katika ofisi ndogo ya kampuni ya nafaka pale Milanzi, mikono ameibana katikati ya magoti kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu. Nyuma yake alisimama Inspekta Gaudiosa Kapele, koti amelifunga mpaka shingoni, maana mwezi wa saba baridi ya Ufipa haimwogopi mtu kwa sababu ya cheo chake.

Juzi Jumanne, saa kumi na nusu jioni, Teodori, nyapara wa makuli, aliingia ghala namba nne kwa miguu yake mwenyewe. Walimtoa saa kumi na mbili, wamembeba. Ghala lilikuwa limefukizwa asubuhi ya siku ileile kwa vidonge vya kuulia wadudu, vile ambavyo vikipigwa na unyevu wa hewa hutoa gesi, na gesi hiyo haijui tofauti ya fukusi na baba wa watoto wanne.

Utaratibu wa pale ulikuwa mwepesi. Kila mlango wa ghala una kishikwambi kilichofungwa ukutani. Kikiwa chekundu, ndani kuna dawa na mlinzi hatoi ufunguo. Kikiwa kijani, anatoa. Jumanne jioni kilikuwa kijani. Na mfumo ulisema kwamba aliyehifadhi taarifa za ghala namba nne mara ya mwisho, saa kumi na dakika tano, ni Marsiana, karani, binti wa miaka ishirini na minne ambaye sasa alikuwa mahabusu ya polisi. Kesho Ijumaa saa tatu angesimamishwa kizimbani kwa kosa la mauaji. Mkuu wa upelelezi alikwisha kusema yake: kompyuta haina ugomvi na mtu, imetaja jina, tunatafuta nini tena?

Gaudiosa alikuwa anatafuta maana ya konzi moja ya mahindi. Ilikutwa mfukoni mwa marehemu, imefungwa kwenye karatasi ya daftari, punje zimeota ukungu wa kijani. Yeye alikulia Izia, mahindi yanaanzia ukutani kwao, na hakuhitaji maabara kumwambia kuwa hayo yalikuwa na sumukuvu. Mzigo wa ghala namba nne ulikuwa wa shule za bweni. Jumatano mkaguzi wa chakula alikuwa aje. Mtu hajitii ghalani peke yake jioni kwa ajili ya konzi ya mahindi mabovu isipokuwa ana mtu wa kumwonyesha, na kuna mwingine aliyejua hivyo.

"Nionyeshe tena," alisema. "Polepole. Mimi nimesomea sheria."

"Kila ghala humu ni modeli moja, afande." Sauti ya Ipyana ilikuwa kavu. "Ina namba, tani, unyevu, na hali, yaani kijani au nyekundu. Modeli inakaa kwenye seva. Ukurasa huu nimeuandika kwa JavaScript. Ukiufungua, unaiomba API, yaani dirisha la seva la kuombea taarifa: nipe ghala namba nne. Inakupa nakala. Unaandika mabadiliko yako, unabonyeza Hifadhi, nakala inarudi kwenye seva."

"Inarudi sehemu niliyobadilisha?"

Ipyana aliitazama mikono yake. "Inarudi yote."

Kwenye kioo kulikuwa na orodha ya mistari, kila mmoja na wakati wake. Kompyuta, ambayo huanza siku yake usiku wa manane kama mwizi, iliandika 07:02, 10:15, 16:05. Gaudiosa akazihamishia kwenye daftari kwa saa za watu. Saa moja na dakika mbili asubuhi, Marsiana anafungua ukurasa wa ghala namba nne: hali, kijani. Saa nne na robo, Alois, fundi wa dawa, kwa simu yake: hali, nyekundu. Saa kumi na dakika tano, Marsiana anahifadhi: unyevu kumi na tatu nukta moja, hali, kijani.

Aliitazama mistari hiyo mitatu kwa muda. Tangu jana alikuwa amemshuku Alois, kwamba alifukiza akasahau kuandika, kisha akakana kuokoa ngozi yake. Alimweka kwenye benchi la kituo saa tano nzima na kumwita mwongo usoni. Kumbe mzee wa watu aliandika.

"Marsiana hakugusa hali," alisema.

"Hakugusa. Aliingiza unyevu tu. Lakini ukurasa wake ulikuwa bado umeshika nakala ya asubuhi. Alipohifadhi, akaifunika nyekundu ya Alois kwa kijani ya saa moja. Na kishikwambi cha mlangoni kinasoma kilicho kwenye seva."

"Na wewe uliacha mlango huo wazi."

"Nilipanga kuweka namba ya toleo, seva iikatae nakala iliyopitwa na wakati. Nikasema nitaimalizia wiki ijayo." Alikuna shingo. "Hiyo ilikuwa mwezi wa nne. Lakini kitufe cha kuleta taarifa mpya kipo, afande. Hiki hapa. Ukikibonyeza kabla ya kuhifadhi, haya hayatokei. Nimeandika kila kitu kwa Kiswahili, hata ndani ya msimbo. Pakia. Hifadhi. Nilitaka watu wasipate taabu."

Gaudiosa aliinama akakisoma kitufe hicho cha bluu. Akakisoma tena. Nje ya dirisha makuli walikuwa wamekaa juu ya magunia matupu, hawana la kufanya, upepo unapiga turubai la ghala namba nne ambalo kishikwambi chake sasa kilikuwa chekundu, siku mbili baada ya kuhitajika.

"Nani aliwafundisha watu wa hapa?"

"Nilimwelekeza meneja kwa simu. Nusu saa. Akasema atawaambia wenzake."

"Nitolee orodha ya kila mara kitufe hiki kilipobonyezwa tangu mwezi wa nne. Na usirekebishe chochote. Hata herufi."

*

Marsiana aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa na kitenge mabegani. Macho yalikuwa yamevimba.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Umekula?"

"Mama ameleta uji. Haushuki."

"Utashuka. Marsiana, kile kitufe cha bluu chini ya jina la ghala unakijua?"

"Cha Pakia? Nakijua. Cha lori."

Gaudiosa hakuinua kichwa kutoka kwenye daftari. "Cha lori kivipi?"

"Lori likija kupakia mzigo nakibonyeza, ndipo napunguza idadi ya magunia. Likija kushusha sikibonyezi, maana hapo tunapakua. Kuna siku nilimwambia meneja huyo fundi wa kompyuta amesahau kutuwekea cha Pakua, akacheka tu."

"Na siku isiyo na lori?"

Binti alimtazama kana kwamba swali lina mtego ambao yeye hauoni. "Nibonyeze nipakie nini, afande?"

Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne Gaudiosa alihisi kitu kimekaa mahali pake, na hakukipenda. Kufungua ukurasa saa moja asubuhi, Marsiana alieleza, ni desturi ya ofisi nzima: mtandao huwa mwepesi alfajiri, ikifika mchana ukifunga ukurasa unaweza usifunguke tena, kwa hiyo hufungua maghala yote asubuhi na kuyaacha hivyo mpaka jioni.

"Na unyevu ulioandika Jumanne ulitoka wapi?"

"Kwa Nestory, wa ubora. Ni kazi yake, anachoma gunia kwa bambo, anapima, ananiletea kikaratasi. Aliniambia niingize upesi meneja anasubiri. Nikaingiza." Alifungua kiganja cha kulia juu ya meza. "Mkono ni huu. Nikilala naona kidole. Afande, ni mimi niliyemuua mjomba Teodori?"

"Alikuwa mjomba wako?"

"Tulimwita hivyo wote. Ndiye aliyeniombea hii kazi."

Gaudiosa alifunga daftari. Alitamani kumpa jibu, ila jibu alilokuwa nalo wakati ule lilikuwa na upande mmoja tu.

*

Mzee Isdori, mlinzi wa geti, alikuwa ameweka jiko la mkaa katikati ya miguu. Gaudiosa alimwamkia, akavuta kigoda, akaomba daftari la malori. Tangu Jumanne mzee huyu alikuwa haongei na mtu, kwa sababu ufunguo ulitoka mkononi mwake. Alimwambia Gaudiosa kwa Kifipa kwamba angekuwa na amri angekivunja kile kioo kwa rungu. Kisha akarudi kwenye Kiswahili, kama mtu aliyejikumbusha kuwa anaongea na serikali.

"Zamani tulikuwa na bati lenye fuvu la kichwa, mwanangu. Linatundikwa mlangoni. Bati halibadiliki rangi lenyewe."

"Liko wapi?"

"Nestory alisema limepitwa na wakati, akalitoa. Mwezi uliopita."

Gaudiosa aliliandika hilo, kisha akaiweka karatasi ya Ipyana kando ya daftari la geti na kuanza kulinganisha, kidole kimoja huku na kingine kule. Tangu mwezi wa nne kitufe cha Pakia kilikuwa kimebonyezwa mara arobaini na tano. Tarehe kumi na moja mwezi wa tano, saa tatu asubuhi: lori la Tunduma getini. Tarehe kumi na nne: malori mawili. Kazi ilichukua saa nzima, na mkaa ulikuwa umegeuka majivu alipoimaliza. Mara arobaini na moja Pakia ilibonyezwa, na mara zote hizo lori lilikuwa uani.

Zilibaki nne.

Aliirudisha karatasi kwa Ipyana. "Hizi nne nani amezibonyeza?"

"Si kompyuta ya karani. Ni simu." Ipyana alisogeza uso kwenye kioo. "Jina halipo. Kuhifadhi lazima uingie kwa nywila, lakini kusoma tu nimeacha huru, ili kila mtu aweze kuona rangi ya ghala. Ila kila kifaa kinachoingia mfumo unakiachia alama yake ya tarakimu. Hizi nne zina alama moja. Ni simu ileile."

Mara tatu za mwanzo zilihusu ghala namba tisa, ambalo halina hata punje. Mwezi wa sita, siku tatu tofauti, ghala hilo liliwekwa nyekundu mchana kwa ajili ya usafi. Jioni ya kila siku hiyo Marsiana akahifadhi unyevu wa hewa ya humo, na nyekundu ikafutika. Na kila mara, dakika moja baadaye, simu ile ikabonyeza Pakia.

"Anatazama kama imerudi kijani," Ipyana alisema taratibu.

"Anajaribu mtego kwenye nyumba tupu. Soma ya nne."

Ya nne ilikuwa ghala namba nne. Jumanne, saa kumi na dakika sita. Teodori alikuwa bado hai, amebakiwa na dakika ishirini na nne, pengine anafunga kamba za viatu, pengine anatania wenzake. Ipyana aliuondoa mkono kwenye kipanya.

"Afande, mimi ndiye niliyempa."

"Wewe ulimpa kisu cha jikoni. Kaa hapo hapo, usitoke mbele ya hicho kioo."

Alizunguka ua mzima na swali moja tu. Aliwauliza makuli, fundi Alois, mama wa kufagia maghala, dereva, mlinzi wa zamu, na mwisho meneja mwenyewe: hiki kitufe cha Pakia ni cha nini? Watu kumi na mmoja. Wengine walicheka, maana lilikuwa swali la kitoto. Cha lori, walisema. Meneja aliongeza kwamba fundi wa Mbeya alimweleza kitu fulani kirefu siku ile kwenye simu, lakini yeye alikuwa barabarani, na neno lenyewe si linajieleza?

Mmoja hakumuuliza.

*

Nestory alikuwa kwenye chumba cha sampuli, anafuta bambo kwa kitambaa. Kilikuwa kichuma kirefu chenye ncha na mfereji katikati, kile kinachochomwa ubavuni mwa gunia ili punje zitiririke bila gunia kufunguliwa. Alikuwa mtu nadhifu, shati limepigwa pasi hata kwa siku ya namna hii. Alimvutia inspekta kiti.

"Karibu, afande. Baridi ya leo imezidi."

"Imezidi. Sikai sana, bwana Nestory. Nina maelezo yako ya jana, nataka nifunge jalada kabla ya mahakama ya kesho." Koplo Baltazari alisimama mlangoni akitazama nje, kama mtu aliyechoka. "Huyu Marsiana wewe unamwonaje kikazi?"

Nestory alitikisa kichwa kwa huzuni, na huzuni yenyewe ilikuwa imepigwa pasi. "Sipendi kumsema mtu aliye kwenye matatizo."

"Msaidie basi. Labda ni bahati mbaya tu."

"Bahati mbaya, sawa. Lakini uzembe nao upo. Ni binti mzuri, ila kichwa chake kiko kwenye simu muda wote. Namba nilimpa mimi, nakiri, ila mimi namba yangu ilikuwa sahihi. Yeye angepakia kwanza ndipo ahifadhi, Teodori tungekuwa naye hapa leo."

Upepo ulilitikisa bati la paa. Gaudiosa aliandika sentensi hiyo neno kwa neno, akaweka nukta.

"Angepakia nini?"

"Samahani?"

"Jumanne hapakuwa na lori, bwana Nestory. Nimesoma daftari la geti. Angepakia nini?"

Kitambaa kilisimama juu ya chuma. "Namaanisha kuleta taarifa mpya. Kila mtu anajua hivyo."

"Nimewauliza watu kumi na mmoja. Wote wamenipeleka kwenye lori, na meneja wako yumo." Aligeuza kurasa za jalada bila haraka. "Nawe jana umeandika hivi: 'Mimi mfumo wa kompyuta siujui wala sijawahi kuufungua, kazi yangu ni bambo na kipima unyevu.' Sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu. Mtu anaweza kusikia neno mahali, afande. Neno si ushahidi." Alikuwa amerudi kwenye utulivu wake, hata akatabasamu. Alitoa simu mfukoni, akaifungua na kuisukuma mezani. "Mnaweza kutazama. Sijaingia kwenye mfumo wenu kwa jina wala kwa nywila. Sina cha kuficha."

"Nikubalie mbele ya koplo kwamba umeitoa kwa hiari."

"Kwa hiari."

Koplo Baltazari aliandika hilo. Gaudiosa aliichukua simu. Anwani ya maghala aliyokuwa ameinakili kwa Ipyana aliiandika herufi moja moja kwa kidole kimoja, kama wanavyoandika watu waliosomea sheria. Alipofika herufi ya tatu simu ikaimalizia yenyewe, kwa kuwa ilikuwa inaijua. Ukurasa ukafunguka. Ghala namba tisa. Kitufe cha bluu.

Akakibonyeza.

Ukuta uliotenganisha chumba cha sampuli na ofisi ya karani ulikuwa wa mbao. Sauti ya Ipyana ilipita kwenye mbao hizo, ndogo, bila furaha.

"Imeingia, afande. Ni ileile."

Nestory aliutazama ukuta, halafu simu, halafu mlango ambao Baltazari sasa alikuwa ameujaza. Bambo lilikuwa bado mkononi. Kisha akaliweka mezani kwa uangalifu, ncha akiielekeza kwake mwenyewe, na kuuliza kama anaweza kuvaa koti.

"Vaa," Gaudiosa alisema. "Mahindi yale yamekwenda shule ngapi?"

Nestory alilivaa koti. Alikuwa anafunga vifungo, kimoja kimoja.

*

Mkuu wa upelelezi alimfanya Gaudiosa arudie maelezo yote mara mbili kwenye simu. Mwishowe akasema jalada la kesho libadilishwe jina, na binti arudi kwao kwa dhamana, atakuja kama shahidi.

Mama yake alikuwa kaunta na chupa ya uji uleule, umepoa. Gaudiosa alifungua mlango wa mahabusu mwenyewe. Alimweleza Marsiana yote akiwa amesimama, kwa maneno machache: mahindi mabovu ambayo Nestory aliyapitisha na Teodori akayagundua, ghala tupu, siku tatu za majaribio, kikaratasi cha unyevu kilicholetwa kwa haraka, simu iliyokuwa ikichungulia. Aliyemuua Teodori ni Nestory, alisema, na nitasema hivyo mbele ya hakimu.

Marsiana alisikiliza mpaka mwisho. Kitenge kilimteleza begani, hakukiokota.

"Kwa hiyo alihitaji mtu wa kubonyeza tu."

"Ndiyo."

"Akanichagua mimi kwa sababu sijui kusoma."

"Unajua kusoma, Marsiana. Umekisoma kile kitufe kama sisi wote."

Binti aliangalia kiganja chake. Alikikunja, akakikunjua, akakikunja tena. Nje mama yake aliita jina lake, naye hakwenda upesi. Gaudiosa aliinama, akaokota kitenge, akamfunika mabegani, kisha akaushika mkono huo wa kulia na kutoka nao hadi kaunta.

Ilibidi Marsiana asaini fomu ya dhamana. Baltazari alimpa kalamu. Aliihamishia kalamu mkono wa kushoto, akasaini nao, kwa taabu, herufi zimepinda, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwona akiutumia ule mwingine mbele za watu.